Mwenyekiti Asiyevuka Ziwa

Kila mwaka theluji ya kwanza ikishika ardhi, Verlyn Tollefsrud alianza kutembea kama mtu aliyeitwa Ikulu. Miezi mingine yote alikuwa fundi wa pampu za maji katika mji wa Halvor, mwembamba, mwenye masharubu ya kijivu, na hakuna aliyemwuliza maoni yake juu ya kitu chochote kisichotoa maji. Lakini Novemba ikiingia, alikuwa Mwenyekiti. Aliongoza klabu ya pikipiki za theluji, zile zinazoteleza juu ya barafu, kwa miaka kumi na saba, na shughuli kubwa ya klabu hiyo ilikuwa moja tu. Mwezi wa Februari, ziwa la mpakani likiwa limeganda kiasi cha kubeba lori, wanachama walilivuka kwenda Kanada, wakalala ng'ambo mara mbili, kisha wakarudi na pua nyekundu na hadithi ndefu.

Verlyn hakuwahi kwenda nao hata mara moja.

Kuandaa, hapo ndipo penye ufundi wake. Kila mwanachama alipewa kadi ngumu iliyofunikwa plastiki, yenye vitu arobaini na kimoja vya kubeba. Mkanda wa akiba wa injini. Plagi mbili. Kamba ya kuvutana. Misumari miwili ya kuvaa shingoni, ili barafu ikipasuka ujivute nayo kutoka majini. Soksi jozi nne, na pembeni ameandika kwa mkono wake: "Si tatu." Kulikuwa na kadi nyingine ya soseji, maana watu wa huko huzifunga soseji kwenye karatasi ya bati wakazilaza juu ya bomba la moshi wa injini, zikaiva njiani. Verlyn alikuwa amezipimia safari: ya nguruwe, maili ishirini na tano; ya kulungu, maili thelathini; viazi, usijaribu.

Tena kulikuwa na mazoezi. Jumapili ya pili ya Januari, baada ya ibada, watu wazima wenye wajukuu walivaa helmeti wakatembea kwa miguu, mmoja nyuma ya mwingine, kuzunguka uwanja wa magari wa kanisa. Wa mbele ananyoosha vidole kuwaonyesha wanaokutana nao njiani wangapi wako nyuma yake, wa mwisho anakunja ngumi kusema nyuma yangu hakuna mtu. Verlyn alisimama juu ya rundo la theluji akiwasahihisha vidole.

"Wewe una wanne nyuma yako, umeonyesha watatu! Huyo mmoja umemzika?"

Njia za ng'ambo alizijua kona kwa kona, kwa ramani. Aliwaambia wapi pa kujaza mafuta na wapi upepo unakata masikio. "Pale mgahawani msiagize supu," alisema. "Agizeni samaki." Samaki huyo yeye mwenyewe hakuwahi kumwona, wala supu.

Halafu siku mbili kabla ya safari, jambo lilitokea. Mwaka mmoja ulikuwa mgongo, mwaka mwingine pampu ya shule, mwaka mwingine jino. Lakini kisingizio chake kikubwa kilikuwa mama mkwe. Mama yule aliugua kila Februari, bila kukosa, na Verlyn hakuweza kumwacha. Alipofariki kweli, mwezi wa Julai, Verlyn alihuzunika kuliko mkewe.

Asubuhi ya safari alisimama ufukoni akipunga mkono mpaka taa nyekundu za mwisho zilipomezwa na weupe. Kisha alirudi kufagia ukumbi. Alipenda kusema kwamba mtu wa kubaki lazima awepo. Wakati wa kufagia hakusema kitu, na kama kuna mtu angemwona uso saa ile, angeelewa kwamba Verlyn angetoa pampu zote za duniani ili naye awe taa mojawapo.

Mwaka huu klabu ilipata mwanachama mpya, Maxine Trudell, mjane aliyehamia kutoka Wisconsin. Maxine alikuwa amefanya kazi miaka thelathini ya kupokea simu za dharura, kwa hiyo alizoea kumwuliza mtu swali la moja kwa moja na kupata jibu kabla nyumba haijateketea. Huko Halvor watu hawana desturi hiyo. Huko nyumba ikiungua, jirani anakuja kusema kwamba leo kuna joto kidogo.

Kwenye mkutano wa Januari, katika ukumbi wa zimamoto, Verlyn aligawa fomu za mpakani. Maxine akazihesabu.

"Fomu kumi na moja," alisema. "Tuko kumi na wawili."

"Ya kumi na mbili ni ya mwenyekiti," Verlyn alijibu, akipanga kadi zilizokwisha kupangwa. "Mwenyekiti ana utaratibu wake."

"Utaratibu gani?"

Vijiko vikaacha kugonga vikombe. Mtu akatazama dari kana kwamba inavuja. Wendell Kivisto, makamu mwenyekiti, jitu lenye mashavu ya kitoto, akachukua kikeki kwenye sinia na kukiinua juu.

"Jamani, hivi vikeki vya malenge kaoka nani? Vitamu kweli kweli."

"Mkeo, Wendell," mtu akamwambia.

"Aa." Wendell akakitafuna taratibu. "Basi ndiyo maana."

Mkutano ukaendelea na habari za vikeki.

Maxine alimngoja Verlyn nje, kando ya pikapu yake. Theluji nyepesi ilikuwa inaanguka.

"Mwenyekiti, nisamehe, mimi sijui kuzunguka. Ni lile kosa la pombe, siyo?"

Verlyn akafungua mlango wa pikapu, akaufunga tena. "Kosa gani?"

"La kuendesha umelewa. Ukiwa na miaka ishirini na sita. Unaogopa wa ng'ambo watakurudisha."

"Nani kakuambia?"

"Wiki ya kwanza niliyohamia, bwana wa posta. Wiki ya pili, mchungaji. Wiki ya tatu mkeo, tulipokuwa tunamenya viazi."

Kosa lenyewe lilikuwa hivi. Verlyn, kijana, alitoka harusini katika mji wa makao makuu ya wilaya, maili arobaini kutoka nyumbani, akaendesha gari moja kwa moja mpaka ndani ya rundo la theluji. Alikuwa mchangamfu sana. Alimwona mtu amesimama karibu, akamwomba amsukume. Mtu yule alikuwa askari, na rundo lile lilikuwa mbele ya mahakama. Alilipa faini, na gazeti la wilaya la kila wiki likaandika mstari mmoja ukurasa wa sita, baina ya bei ya mayai na matokeo ya mashindano ya uvuvi. Verlyn aliamka alfajiri akaenda dukani akanunua magazeti yote, nakala thelathini na nne, akayachoma moto nyuma ya banda. Miaka thelathini na mmoja aliamini ameiua habari ile. Hakuwahi kukumbuka kwamba watu wa Halvor hawanunui gazeti lile dukani. Linawafikia kwa posta.

"Mbona hawakusema?" aliuliza.

"Eti wanakuheshimu," alisema Maxine. "Kwetu tunasema mficha uchi hazai. Marehemu mume wangu alikuwa na kosa kama hilo, akaenda akauliza, wakamaliza. Nenda ukaulize, bwana. Wakikukatalia, utakuwa umekataliwa na wao, siyo na wewe mwenyewe."

Verlyn aliendesha mpaka nyumbani kwa mwendo wa mtu aliyebeba mayai. Mkewe Ardys alikuwa jikoni akikatakata vitunguu.

"Ardys, wewe ulijua?"

"Kujua nini?"

"Lile la gazeti."

"Mzee, nilikuwa nimekubali posa yako mwezi ule. Shangazi zangu watatu walinikatia kipande kile, kila mmoja akaniletea cha kwake."

"Na ukanyamaza?"

"Nikaolewa nawe, sasa ulitaka niseme nini tena? Nipe chumvi hiyo."

Hakulala vizuri wiki nzima. Jumatatu iliyofuata alivaa shati la kanisani akaenda ofisi ya Kanada ya mpakani, kule kwenye daraja. Njiani alijizoeza maneno. Alikuwa na hotuba nzuri, yenye majuto mwanzoni na pampu za shule katikati, ili waone ni mtu wa manufaa. Alipofika dirishani, mbele ya afisa msichana wa umri wa binti yake, hotuba yote ikayeyuka.

"Mimi nina... palikuwa na jambo. Zamani. Rundo la theluji."

Afisa akamtazama. "Uliiba theluji?"

"Hapana. Nililewa."

"Aa. Ukiwa unaendesha?"

"Ndiyo."

Akabonyezabonyeza mashine yake. "Kosa ni hili moja?"

"Hilo moja," alisema Verlyn, kwa sauti ya mtu aliyedharauliwa kidogo.

"Faini ulimaliza?"

"Siku ile ile."

"Basi limekwisha, mzee wangu. Kosa moja la zamani namna hii, miaka kumi ikishapita, tunalihesabu limekwisha. Nitakuandikia barua uwe nayo mfukoni. Lakini hata bila barua ungevuka." Akahesabu kichwani. "Miaka ishirini na mmoja sasa."

Verlyn alirudi kwenye pikapu akakaa, injini ikiunguruma, bila kuondoka. Ishirini na mmoja. Maana yake siku alipochaguliwa mwenyekiti kwa mara ya kwanza, alikuwa huru tayari kwa miaka minne. Mgongo uliuma bure. Jino zima la afya aling'oa bure. Na yule mama maskini aliugua Februari zote zile bure kabisa.

Alicheka peke yake mpaka vioo vikaingia ukungu. Kisha akaacha kucheka, akafuta uso kwa mkono wa shati la kanisani.

Kwenye mkutano uliofuata aliwasubiri wote wakae na kahawa zao.

"Fomu ni kumi na mbili," alitangaza. "Mwaka huu nakwenda nanyi."

Maxine akapiga makofi. Alipiga peke yake. Wengine walitabasamu kwa lile tabasamu la Halvor linaloishia kwenye meno.

"Vizuri," akasema mmoja.

"Ni tofauti," akasema mwingine, na huko kwao neno hilo wanalitoa kwa chakula kilichoungua.

Wendell aliomba kikeki.

Kesho yake Wendell alifika gereji kwa Verlyn. Pikipiki ilikuwa katikati, imeng'arishwa hadi unaweza kujinyolea mbele yake, na vitu arobaini na kimoja vimepangwa sakafuni kama wanajeshi. Wendell aliivua kofia, akaivaa, akaivua tena.

"Mgongo unaendeleaje, Mwenyekiti?"

"Mzima kabisa."

"Baridi itakuwa kali mwaka huu. Mgongo unaweza ukarudi."

"Nimeshona mkanda wa sufu."

"Eh. Na pampu ya shule? Nasikia inakohoa."

"Niliibadilisha jana."

Wendell akaangalia pande zote akitafuta msaada, akautazama ukuta, akautazama msumeno. "Na mama mkwe?"

"Wendell, ulibeba jeneza lake."

"Ni kweli, ni kweli, pole. Nilikuwa nafikiria kaburi. Theluji huwa inalielemea jiwe."

Verlyn aliiweka chini spana aliyokuwa ameishika. Miaka kumi na saba alikuwa ametengeneza visingizio kwa mikono yake mwenyewe. Sasa amekuja mtu kumpa vilivyotengenezwa tayari, tena vibaya kuliko vyake.

"Hamtaki niende."

"Nani kasema? Hakuna aliyesema."

"Ndiyo maana nasema mimi."

Wendell alikaa juu ya ndoo. Jasho lilimtoka, na gereji ile ilikuwa baridi. "Verlyn, ndugu yangu, sisi tunakupenda. Tunakupenda sana ukiwa hapa." Akaikunja kofia. "Kule huwa tunaamka saa nne. Soseji tunakula ikiungua, ikiwa mbichi, vyovyote. Kadi zako... tunazo, ziko salama, huwa tunaziacha kwenye gari upande huu. Tukikutana na mtu njiani, hatuhesabu vidole. Siku mbili kwa mwaka hakuna anayetusahihisha, bwana. Ndiyo hiyo tu."

"Na kunichagua kila mwaka?"

"Wewe unaandaa vizuri kuliko mtu yeyote," alisema Wendell, na hapo alisema kweli tupu. "Na ulikuwa huji."

Wendell alipoondoka, Verlyn alibaki amesimama katikati ya soksi jozi nne. Kumbe miaka yote ile walikuwa wamemvisha kilemba cha ukoka, naye akakivaa akatembea nacho mjini akidhani ni hariri. Alitamani kukasirika, lakini hakujua amkasirikie nani. Yeye aliwadanganya wao, wao wakajifanya wamedanganyika, na kila upande ukapata ulichotaka. Ni biashara safi. Isipokuwa kwamba kila Februari yeye ndiye aliyebaki na ufagio.

Aliingia ndani akamwambia Ardys kwamba huenda asiende.

"Kwa nini?"

"Nitawaharibia."

Ardys alizima redio, jambo ambalo halifanyi kwa wepesi. "Sikiliza, Verlyn. Mimi nimengoja miaka kumi na saba hizo siku mbili za kukaa peke yangu. Nimeshamwalika dada yangu. Nimenunua mvinyo. Utakwenda."

"Nawachosha, Ardys. Wendell kasema."

"Unawachosha siku mbili. Mimi siku mia tatu sitini na tano, na sijafa. Watakuzoea, au hawatakuzoea. Lakini ukibaki sasa, huna hata gazeti la kuchoma."

Basi alikwenda.

Siku ya safari baridi ilikuwa ya kugandisha kope. Waliondoka ufukoni wote kumi na wawili, pikipiki zikitifua unga mweupe, na kwa maili nane za kwanza Verlyn hakumsahihisha mtu. Alikuwa wa tano katika mstari. Aliangalia taa nyekundu ya Maxine mbele yake, akakumbuka kwamba yuko mtu nyuma anaangalia ya kwake, akakaa wima zaidi kwenye kiti.

Kibanda cha afisa wa Kanada kilikuwa kwenye kisiwa, ng'ambo tu ya mpaka. Walizima injini, wakajipanga nje, mlango ukiwa wazi kwa sababu ndani paliweza kuingia mtu mmoja na nusu. Afisa, mzee mwenye kofia ya manyoya, aliuliza kila mmoja maswali yale yale bila kuinua macho. Bunduki? Pombe? Umewahi kutiwa hatiani kwa kosa lolote? Hapana, hapana, hapana, gonga muhuri, anayefuata.

Verlyn alikuwa na barua mfukoni. Angeitoa tu, mambo yaishe.

"Umewahi kutiwa hatiani kwa kosa lolote?"

Nyuma yake watu kumi na mmoja walianza kutazama buti zao. Mmoja akasema kwamba mawingu yale ya kaskazini ni tofauti.

"Ndiyo," alisema Verlyn.

Alilisema kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia, na lilipotoka hakuna kilichoanguka. Kibanda kilibaki kimesimama. Kwa hiyo akasema tena.

"Ndiyo! Nililewa nikaendesha gari. Ilikuwa harusi ya binamu yangu Lavonne, yule aliyeolewa na muuza matrekta. Sasa ile bia ya harusi, afisa, haikuwa bia ya kawaida—"

"Una barua?"

"Ninayo, hii hapa. Ilikuwa bia nyeusi, ya kutengeneza nyumbani. Nikatoka mnamo saa tatu. Nikaona rundo la theluji, lakini mimi nikaliona ni barabara, unanielewa? Sasa hapo akatokea bwana mmoja..."

Afisa alikwisha soma barua. Alikwisha kugonga muhuri. Alikuwa amemnyooshea fomu ili aichukue, na mkono wake ulikuwa unangoja hewani. Verlyn alimweleza habari ya askari. Alieleza jinsi alivyomwambia askari, "Sukuma kwa bega, siyo kwa mikono," na kumsahihisha namna ya kukanyaga. Alieleza habari ya hakimu, ya faini, ya gazeti, ya nakala thelathini na nne na jinsi karatasi mbichi inavyoshika moto kwa shida. Nje injini zilikuwa zinapoa. Vidole vya watu vilianza kufa ndani ya glavu. Robo saa ilipita. Alikuwa ndiyo kwanza amefika kwa mama mkwe, Februari ya kwanza.

"Verlyn!" Ilikuwa sauti ya Wendell Kivisto, na ilipasuka kama barafu ya Aprili. "Verlyn, funga mdomo wako twende!"

Katika miaka kumi na saba ya klabu ile, hakuna aliyewahi kumwambia mwenzake neno lililonyooka hivyo. Wendell mwenyewe aliziba kinywa kwa glavu. Maxine alicheka mpaka akaegemea pikipiki.

Verlyn aligeuka. Aliwatazama, nyusi zao nyeupe kwa baridi, hasira yao wazi wazi usoni, bila tabasamu hata moja. Akaichukua fomu yake kwa afisa, akamshukuru. Alipita katikati yao akiwa amejaa furaha hata asijue aiweke wapi, kwa sababu aliyebaki ufukoni na ufagio hakuna aliyewahi kumpigia kelele namna ile.

Alivaa helmeti, akafunga mkanda chini ya kidevu, akapanda. Wendell alipita karibu naye, akamwangalia, akatikisa kichwa. Kioo cha helmeti ya Verlyn kilikuwa kinaingia mvuke kwa ndani, kinafifia, kinakuja tena. Alikuwa bado anasimulia.